Hodi kwenye Jumba la Makumbusho

Leo, kwenye ukumbi wa ofisi nilikoitwa usaili, nimesikia harufu ya nta ya sakafu, nikakumbuka jumba la makumbusho la Ujiji.

Nilipokuwa mtoto, nyumbani tulikuwa tunaishi na mama mmoja aliyekimbia vita Burundi na kushukia ufukwe wa Kagunga mikono mitupu. Nilimwambia mle ndani kuna kikapu chenye kifuniko kilichochongoka, kama kile cha mama yake alichokuwa akinisimulia. Akaomba nimpeleke.

Mlango ulikuwa mrefu na mpana, sakafu inang'aa. Alivua kandambili, akasimama kizingitini.

"Hodi!"

"Ingia tu, mama," mlinzi akacheka. "Humo hamna mtu, ni vitu tu."

"Sasa nitaingiaje? Kwetu mlango ni mfupi, unainama, wenyewe wanakukaribisha. Huu unaniingiza kama mwizi."

Akaokota kandambili zake. Nilipoona tunaondoka bila kukiona kikapu, nilimpita mbio, nikajificha nyuma ya kabati la vioo, nikapaza sauti: "Karibuuu!"

Dari ilikuwa juu sana. Sauti yangu ilizunguka huko ikarudi kama ya watu wengi.

"Nishakaribia," akajibu. Akainama, ingawa mlango ulimzidi kimo mara mbili, akaingia, akaenda moja kwa moja kuweka kiganja kwenye kioo cha kikapu.

Mlango wa chumba cha usaili uko wazi. Wenzangu wameingia bila kusita. Mimi nimebisha hodi mara mbili, bado nasubiri.