Fundi Asiyepanda Baiskeli

Mtaani walimwita Fundi Kimya, na mgeni aliyelisikia jina hilo kabla ya kumwona mwenyewe alidhani atakutana na bubu. Kumbe mtu huyu aliongea tangu anapofungua mlango asubuhi mpaka anapoufunga jioni. Aliongea na wateja, aliongea na spana, aligombana na skrubu zilizoshika kutu. Kimya kilikuwa cha baiskeli zake. Baiskeli iliyopita mikononi mwake ilikwenda barabarani kama paka juu ya zulia.

"Baiskeli nzima haisemi," alizoea kusema. "Ukiisikia inasema, ujue inaumwa."

Alifanyia kazi katika chumba cha mbele cha nyumba yao. Nusu ya chumba ilikuwa yake, nusu ya mkewe, mshonaji. Mpaka wao ulikuwa mstari wa chaki ya cherehani sakafuni, na mke aliuchora upya kila Jumatatu kwa sababu kila Jumamosi ulikuwa umekwisha kukanyagwa. Upande wa dirishani palikuwa na cherehani na vitambaa. Upande wa mlangoni palikuwa na tairi, makopo ya grisi, na kiunzi cha chuma ambapo baiskeli ilitundikwa, magurudumu yakiwa hewani. Mabinti zao pacha walikwisha kuolewa, lakini wazazi waliendelea kuitana kwa jina lao.

"Baba Pacha, utepe wangu wa kupimia uko wapi?"

"Naupimia mnyororo, mama. Nakurudishia sasa hivi."

"Sasa hivi yako naijua. Jana nimempima bi harusi kiuno, kaondoka na mstari mweusi kama punda milia!"

Lakini kwa Fundi hapakuwa na kipimo kingine cha kuaminika. Mnyororo mpya, ukinyooshwa juu ya utepe, pini yake hukaa sawasawa kwenye inchi ya kumi na mbili. Pini ikivuka mstari kwa unene wa ukucha, mnyororo umerefuka na umri wake umefika.

Fundi Kimya alikuwa na siri moja, na aliyeijua ni mkewe tu: hakujua kupanda baiskeli. Akiwa na miaka saba aliichukua ya baba yake, akaingia nayo mtaroni, akaacha humo nusu ya jino la mbele. Tangu siku hiyo hakuthubutu tena kukaa juu ya kiti cha baiskeli. Baba yake, naye fundi, alimketisha chini amsaidie kuitengeneza ile iliyopinda, na mikono ikajifunza yale iliyoyakataa miguu. Miaka ishirini na sita ya kazi aliifunika siri hiyo kwa neno moja. Kila alipomaliza baiskeli, alimsogezea mwenyewe usukani na kusema, "Mimi sipandi chombo cha mtu. Kaijaribu mwenyewe." Watu wakasema, tazama adabu hiyo.

Siku ya Alhamisi akaingia muuguzi wa zahanati ya jirani, kofia ya baiskeli mkononi, goti limechubuka. Mtaa mzima ulimwita Sista. Jumapili ilikuwa siku ya mashindano yake ya kwanza, kupanda barabara ya mlima mpaka kwenye tangi la maji, na Jumatatu ile Fundi alikuwa ameihudumia baiskeli yake ya mbio kwa mapenzi yote. Aliziosha gia kwa mafuta ya taa na mswaki mkuukuu. Alitoa vijiwe vilivyojificha kwenye mipira ya breki kwa sindano ya mkewe. Alizipaka gololi za magurudumu grisi mpya. Mnyororo, pini yake ilikuwa imevuka mstari kwa ukucha na nusu, akaubadilisha, akautia tone moja la mafuta kila kiungo, kisha akafuta yaliyobaki nje, maana mafuta ya nje ni karamu ya vumbi.

"Fundi, inaruka," Sista akasema.

"Inaruka nini tena?"

"Mnyororo. Nikiwa mlimani, nikikanyaga kwa nguvu, ka! Mguu unazama hewani. Leo nusura nibusu lami."

Fundi akaitundika baiskeli kwenye kiunzi, akazungusha pedali kwa mkono. Gurudumu likazunguka bila sauti.

"Unasikia?" akauliza kwa fahari.

"Sisikii kitu."

"Basi nzima hiyo!"

"Fundi, wewe unampima mgonjwa akiwa amelala. Huyu anaumwa akipanda! Ichukue, panda nayo pale mlimani, utaona."

Hapo Fundi Kimya akanyamaza. Kinyozi wa chumba cha pili alitoa kichwa mlangoni, wembe mkononi, kuangalia kumetokea nini.

"Mimi sipandi chombo cha mtu," Fundi akasema mwishowe.

"Mwenye chombo si ndiye mimi? Nimekuruhusu."

Cherehani ikasimama. "Mguu unamsumbua, Sista," mkewe akasema upesi. "Tangu juzi. Nilimwambia aje kwako, yeye mbishi."

Fundi akamtazama mkewe, moyo ukamlainika. Uongo ule ulikuwa umeshonwa vizuri, angeweza kuuvaa akaondoka nao salama. Kisha akaliona goti la Sista. Jumapili angeanguka mbele ya wenzake, na nyuma yake magurudumu mengine thelathini.

"Mguu wangu mzima," akasema. "Sista, mimi sijui kupanda baiskeli."

"Unasemaje?"

"Sijui. Sijawahi kujua."

Kinyozi akapiga ukelele. "Wallahi! Yaani umenirekebishia breki miaka kumi na hujui zinafungwaje?"

"Zinafungwa kwa vidole, bwana! Vidole ninavyo!"

Sista alicheka mpaka akashika ukuta. Fundi, masikio yakimwaka, aliitua baiskeli chini na kumsogezea. "Cheka, dada yangu, lakini ukimaliza upande. Mimi nitakimbia kando yako. Nataka kuusikia mnyororo ukiwa umebeba mtu."

Wakaenda mlimani: Sista juu ya kiti, Fundi kando yake, mkono mmoja umeshika nyuma ya kiti, sikio limeinama kama la mtu anayesikiliza umbea dirishani. Nyuma yao kinyozi, na nyuma ya kinyozi mteja wake, amenyolewa upande mmoja.

"Kanyaga, Sista! Kanyaga kama unamfukuza mwizi!"

Ka!

Fundi aliisikia kwa sikio na mkono kwa pamoja. "Simama!" Akachuchumaa palepale, akihema, akafuta gia za nyuma kwa kipande cha kitambaa. Ile aliyoipenda Sista kwa milima ilikuwa na meno membamba, yameinamia upande mmoja.

"Kosa langu," akasema. "Mnyororo wa zamani na meno haya yalizeeka pamoja, kila mmoja kamzoea mwenzake. Mimi nikamwondoa mmoja, nikaleta kijana. Hewani wanapatana. Akija mtu na uzito wake, hawashikani."

"Na ungepanda ungejua."

"Ningejua Jumatatu ileile."

Jioni hiyo gia mpya za nyuma zilikuwa zimefungwa, na Sista alipanda mlima mara nne huku Fundi akikimbia. Ya tano Fundi hakuweza tena. Alikaa ukingoni mwa barabara akisikiliza baiskeli ikienda juu bila neno.

Jumapili Sista alikuwa wa kumi na saba. Alipopita kwenye kona kali, mtu mmoja alichomoka katikati ya watazamaji na kukimbia kando yake, kichwa chini.

"Fundi, toka!" Sista akapiga kelele. "Nimepona!"

Kinyozi, kwa kinywa chake, alikwisha kuisambaza habari mpaka mitaa ya mbali. Jumatatu Fundi alifungua mlango kwa shingo upande, amejiandaa kuchekwa, na kweli alikuta mwalimu mmoja anamsubiri na baiskeli yake, tabasamu limemjaa.

"Fundi, nasikia hujui kupanda."

"Sijui, mwalimu."

"Ila nasikia unakimbia. Yangu inalalamika kila nikifika kwenye kile kilima cha shule, na kila fundi ananiambia ni nzima. Una nafasi?"

Fundi akageukia chumbani. "Mama Pacha! Viatu vyangu vya kukimbilia viko wapi?"