Wiki Mbili Kabla, Wiki Mbili Baada

Siku yangu ya kwanza kama mkufunzi nilifika chuoni Bukoba mapema mno, nikamkuta mlinzi peke yake, na ukungu wa ziwa ukiwa bado umelala juu ya migomba. Nilikuwa nimetoka Buhembe, ambako nilifundisha darasa la tatu kwa miaka mingi. Sasa nilitakiwa kuwafundisha walimu wakuu watarajiwa, watu wazima wenye miwani na vitambi vyao. Mkuu wa Chuo alikuwa mzee mpole, aliyeongea taratibu kama anayeogopa kumwamsha mtu. Alinikabidhi ufunguo wa kabati la ripoti.

"Mama Rukia," aliniambia, "hawa kuamrisha wanajua tayari. Wewe wafundishe kuulizana: umejuaje?"

Hilo ndilo lilikuwa somo langu, matumizi ya ushahidi wa utafiti katika kuongoza shule. Jina ni refu kuliko jambo lenyewe. Mwalimu mkuu asibadili kitu kwa sababu amekiota, au kwa sababu shule jirani wamefanya. Asome wenzake waligundua nini, ajaribu kidogo shuleni kwake, apime, ndipo aamue. Jaribio hilo tuliliita utafiti tendaji, yaani utafiti anaoufanya mtu ndani ya kazi yake mwenyewe. Kila mshiriki wa kozi alirudi shuleni kwake na fomu niliyoitunga mimi: hesabu mahudhurio wiki mbili kabla ya badiliko, kisha wiki mbili baada yake. Niliipenda fomu ile kupita kiasi. Niliwahi hata kuota ninaijaza.

Baadaye nilihamishiwa Muleba kusimamia washiriki wa visiwani, chini ya Mratibu wa Mafunzo, mwanamama asiyecheka ovyo. Huko nilipata mfano wangu nilioupenda kuliko yote. Mwalimu mkuu wa shule moja kwenye kisiwa kidogo, upande wa Goziba, aliitisha mikutano ya wazazi, na mahudhurio yakapanda sana. Fomu yake ilikuwa safi. Niliufundisha mfano ule mwaka baada ya mwaka, na walimu waliuandika kwenye madaftari yao.

Mwalimu yule alipohama, shule ilikaimiwa na kijana wa Kilutheri aliyeitwa Yoeli. Naye akaja kwenye kozi. Kaimu asiyefaulu kozi yetu hakuthibitishwa, na Yoeli alikitaka cheo kile waziwazi. Lakini ripoti yake haikufuata fomu. Hakuhesabu wiki, alihesabu miezi ya angani. Alipendekeza kwamba siku za giza, mwezi usipoonekana usiku, masomo yaanze saa nne asubuhi, na siku za mbalamwezi vipindi virefushwe. Nilimwita mbele ya wenzake.

"Mwalimu Yoeli, hapa hatufundishi unajimu."

Darasa zima lilicheka. Yeye hakucheka.

"Waitu mama," alisema kwa heshima ya Kihaya, "si unajimu. Ni dagaa."

Akaeleza kwamba wavuvi huvua dagaa kwa taa, na taa haina maana mwezi ukiwaka. Kwa hiyo siku za giza dagaa hujaa kambini, na asubuhi watoto wako mchangani wakianika. Mbalamwezi ikija, wavuvi hupumzika na watoto hurudi shule. Nilimsikiliza kama mtu anayesikiliza redio ya jirani. Nilimpa alama za kufeli, nikapeleka ripoti kwa Mratibu.

Mratibu aliifungua, akaifunga.

"Shule yake umeikanyaga?"

"Bado, mama."

"Basi kabla hujamwangusha mtu, kaikanyage."

Nilivuka asubuhi moja ziwa likiwa limetulia, maji na mbingu rangi moja, hata sikujua tunakwenda mbele au tumesimama. Shuleni Yoeli alinisalimu kwa heshima, akaniachia ofisi na kabati la madaftari ya mahudhurio ya miaka iliyopita. Nikayapanga sakafuni kwa mfululizo. Visifuri vya watoro vilijaa, vikapungua, vikajaa tena, ukurasa hadi ukurasa, kabla ya Yoeli, kabla hata ya mwalimu niliyemsifu.

Kwenye mkoba nilikuwa na kalenda ya Kiislamu, na nyumbani nilikuwa nimehifadhi za zamani. Niliporudi bara nilizilinganisha na tarehe nilizonakili. Zile wiki mbili za "kabla" kwenye mfano wangu mzuri zilikuwa za giza. Zile za "baada" zilikuwa za mbalamwezi. Mikutano ya wazazi huenda ilisaidia, huenda haikusaidia kitu, kwa fomu yangu mtu asingeweza kujua. Mimi, ninayeutazama mwezi kwa ajili ya funga tangu utotoni, sikuwahi kuutazama kwa ajili ya shule. Niliona aibu hadi masikio yakaniwaka. Wahenga wamesema kufanya kosa si kosa, kosa ni kurudia kosa, na mimi nilikuwa nimelirudia ubaoni, kwa mwandiko mzuri, miaka yote ile.

Nilirudi Bukoba kwa Mkuu wa Chuo. Mzee yule alikuwa amekwishastaafu, na huyu alikuwa mpya, msomi wa haraka haraka.

"Unataka tuandike kwamba mkufunzi alikosea?"

"Ndiyo, na jina langu liwepo."

Alama zilibadilishwa, Yoeli akafaulu. Lakini barua zina mwendo wake. Cheti kilipotoka, mwalimu mkuu mwingine alikuwa amekwisharipoti kisiwani, na Yoeli amerudishwa kufundisha darasa la kwanza.

Sasa nimestaafu, nakaa Miembeni, na mchana nikipitiwa na usingizi barazani huona madaftari yale yakielea majini, yamefunguka. Wanafunzi wangu wa zamani hupita kunisalimu, wengine ni maafisa. Huniomba mfano wa kufundishia, nami huwapa huu, na kosa langu ndani yake. Nikifika mwisho wake, huwaambia wafunge madaftari.

Nilivuka tena kumwambia Yoeli mwenyewe. Alitoka darasani na chaki mkononi, nikamwomba radhi palepale mlangoni.

"Ofisi niliitaka, mama, sikudanganyi," alisema. "Imeniuma. Lakini nilitaka pia mtu mmoja aliyesoma aniambie kama ninachokiona ni kweli."

"Ni kweli," nikamjibu. "Ulikiona wewe, mimi nikakucheka."

Alinishukuru, akaomba ruhusa arudi ndani. Ilikuwa wiki ya mbalamwezi, na darasa lilikuwa limejaa.