Uso wa Kinyozi

Mteja alikuwa ameshafungwa shuka shingoni na mashine imeshaanza kunguruma, ndipo alipoinua macho kwenye kioo akauona uso wa kinyozi. Akautazama kwa kitambo. Kisha akajifungua shuka mwenyewe.

"Samahani, bosi. Nitamsubiri huyu mwenzako."

"Kuna nini?"

"Hakuna kitu. Nitasubiri tu."

Akaenda kukaa kwenye benchi, na kiti kikabaki kitupu. Kinyozi akazima mashine. Alijua vizuri kilichomwondoa yule mtu, maana nusu saa kabla alikuwa amezihesabu mwenyewe: chunusi saba kwenye paji la uso, za mashavuni hata hazikuwa na hesabu, na moja kubwa kwenye kidevu iliyokuwa imeiva. Mwenye kazi nyingine anaweza kuusahau uso wake mpaka jioni. Kinyozi hawezi. Chumba chao cha viti viwili kilikuwa na vioo mbele na nyuma, na kila alikogeuka alijikuta anajitazama.

Waliomzoea walimwita Kipara, kwa sababu yeye aliyenyoa watu tangu ujana hakuwa na unywele hata wa dawa. Jina hilo halikumuudhi. Kilichomchemsha damu ni kwamba watu walikuwa wameshaamua kuwa chunusi zake zimetoka kwenye mashine yake. Na yeye ndiye aliyeifuta mashine kwa spiriti kila baada ya kichwa kimoja! Mwenzake wa kiti cha pili aliifuta ya kwake kwenye suruali, na huyo ndiye aliyekuwa na foleni.

Sababu yenyewe ilikuwa nyumbani. Aliishi na mama yake, na mama huyo tangu alipomzaa alikuwa na msimamo mmoja: mtoto wake hatoki mlangoni amepauka. Asubuhi mafuta ya mgando, jioni mafuta ya mgando. Kipara alikuwa na miaka arobaini na mmoja, na kopo bado lilikuwa linamngoja kando ya sinki. Alikuwa na uso wa mafuta kwa maumbile, akauongezea mengine, halafu akaenda kusimama kutwa nzima kwenye joto huku vinywele vya watu vikimrukia na kunasa.

Siku ile ya mteja kuondoka alirudi nyumbani amefura. Akalifunika kopo, akachukua sabuni ya kufulia, akausugua uso mpaka ukamwasha. Akaendelea hivyo, mara nne kwa siku, wiki mbili. Ngozi ikamkaza hata kucheka ikawa kazi, ingawa siku hizo hakuwa na la kumchekesha. Ikaanza kubanduka puani. Na ikifika saa sita mchana mafuta yalikuwa yamerudi palepale, kama vile hajagusa maji.

"Ndugu yangu, unajitesa bure," mwenzake akamwambia. "Nenda kwa yule dada wa vipodozi, kona ya pili. Ana krimu ya maji, nyepesi, inaingia palepale. Mwambie nimekutuma mimi."

Akaenda. Yule dada alimpa kikopo cheupe, kidogo, chenye kifuniko cha kuzungusha. Hakikuwa na maandishi hata herufi moja.

"Hii ni ya maji kweli?"

"Ya maji kabisa, kaka. Siku saba utarudi kunishukuru."

Alirudi siku ya sita, lakini si kwa shukrani. Mashavu yalikuwa yanawaka kama yamemwagiwa pilipili. Sehemu nyingine zilikuwa nyekundu, nyingine zimekuwa nyeupe kuliko shingo, na chunusi zilikuwa zimeongezeka juu ya yote hayo. Akakiweka kikopo mezani.

"Ndani ya hiki kuna nini?"

"Ni mchanganyiko wetu wenyewe, kaka."

"Sijakuuliza ni wa nani. Nimekuuliza kuna nini."

"Usinipigie kelele dukani kwangu. Mbona wengine hawalalamiki? Tena wewe umetakata. Angalia, rangi imeanza kufunguka."

Hapo ndipo Kipara alipopandwa na mori wa kweli. "Nani alikuambia nataka rangi ifunguke? Nilikuja na chunusi! Nilitaka zitoke chunusi, siyo nitoke mimi!"

Wanawake wawili waliokuwa wanachagua wanja wakauacha wakatoka. Yule dada akamwambia kama hanunui kitu aondoke. Akaondoka na kikopo chake mfukoni, moja kwa moja mpaka zahanati.

Tabibu alikuwa mama mtu mzima, mwenye miwani iliyofungwa kamba. Alikifungua kikopo, akanusa, akakifunika upesi.

"Hiki usikiguse tena."

"Kina nini?"

"Sijui, mwanangu. Hakijaandikwa, na mimi siwezi kukisia kwa pua. Hilo ndilo tatizo lenyewe." Akamshika kidevu, akamgeuza kwenye mwanga wa dirisha. "Na kabla ya hiki ulikuwa unapaka nini?"

Kipara akamweleza yote, mafuta ya mgando na sabuni ya kufulia. Tabibu akatikisa kichwa.

"Uso wako una mafuta tele, lakini maji hauna. Ukiukausha kwa sabuni kali unaudhuru, ukiuongezea mafuta mazito unaziba vinyweleo. Sasa sikiliza. Kwanza uuache upone. Nitakupa dawa ya kutuliza, na uoshe kwa sabuni laini mara mbili kwa siku, basi. Ukishapoa, tafuta krimu nyepesi ambayo kwenye orodha ya vilivyomo maji yametajwa mwanzo. Isiwe na manukato. Iwe imeandikwa kwamba haizibi vinyweleo. Na usipake uso mzima siku ya kwanza. Jaribu kidogo chini ya sikio, siku tatu. Ikikuwasha, achana nayo."

Alipaswa kufurahi. Badala yake alitoka amekasirika upya. Miaka arobaini na mmoja, na hakuna mtu aliyewahi kumwambia kwamba mafuta na maji ni vitu viwili tofauti usoni!

Wiki tatu baadaye alikwenda duka la dawa, akamtoa muuzaji jasho. Kila boksi lililoshushwa aliligeuza, akaweka kidole kwenye mstari wa kwanza wa orodha.

"Hili la kwanza hapa ni nini?"

"Mafuta ya madini."

"Weka pembeni. Na hii?"

"Maji, halafu gliserini. Lakini ina harufu ya waridi."

"Mimi si bibi harusi. Lete nyingine."

"Mzee, unanunua krimu au unanunua gari?"

"Gari lingeniharibikia barabarani. Hii nitakuwa nimeivaa."

Ya tano ndiyo aliyoichukua. Ilikuwa kwenye tyubu, haina harufu, maji yametajwa mwanzo, na maneno ya kutoziba vinyweleo yalikuwepo. Aliipaka nyuma ya kiganja, ikaingia bila kuacha mng'ao. Akajaribu chini ya sikio siku tatu, huku kila saa akijitazama kwenye vioo vile alivyovichukia. Hakuna muwasho. Siku ya nne akaosha uso, akaukausha kwa kuugusagusa tu na taulo, na ukiwa bado una unyevu akapaka kiasi cha punje mbili za maharage. Uso ukalegea. Kwa mara ya kwanza baada ya miezi, haukumkaza wala haukutiririka mafuta.

Mama yake alimkuta mlangoni.

"Unakwenda kazini umepauka hivyo?"

"Sijapauka, mama. Nimepaka."

"Umepaka nini, maji?"

"Ndiyo, karibu na maji."

"Watu watasema nyumbani kwangu hakuna mafuta. Au ndiyo kusema mafuta yangu ndiyo yaliyokuharibu? Sema!"

Angeweza kunyamaza. Lakini hasira ya miezi yote ilimtoka. "Ndiyo, mama. Ndiyo yaliyoniharibu."

Mama akageuka akaingia chumbani. Siku mbili alimwekea chakula mezani bila neno. Kipara alijuta namna alivyosema, ila maneno yenyewe hakuyafuta, na jioni ya tatu alimwomba radhi kwa ukali wa sauti yake tu. Mama akaguna, akasema chakula kinapoa.

Uso ulipona taratibu. Baada ya mwezi mmoja na nusu chunusi mpya hazikuwa zinatoka. Alibeba kitambaa chenye maji, akawa anafuta vinywele usoni kila baada ya mteja. Mabaka ndiyo yaliyokawia. Wateja wakaanza kurudi kwenye kiti chake mmoja mmoja, bila kusema kitu, kana kwamba hawakuwahi kukikimbia. Naye aliwanyoa bila kusema kitu. Hakuwasamehe, aliwanyoa tu.

Alasiri moja alikuwa anakung'uta shuka, akamwona mwenzake anafungua droo. Mwenzake akatoa kikopo cheupe kisicho na maandishi, akachota, akaanza kumpaka mteja shingoni alipomaliza kumchonga nywele.

"Hicho nini?"

"Cha kulainisha. Yule dada ananiletea. Mimi nampelekea watu, naye ananifikiria kwa chochote."

Kipara akasimama na shuka mkononi. "Kumbe na mimi ulinipeleka kwa kufikiriwa."

Mwenzake akaisukuma droo kuifunga. Kipara akaivuta droo yote ikatoka. Vilikuwa vikopo vitatu. Akavifungua, akavikung'utia kwenye ndoo ya nywele, mwenzake anamvuta mkono huku anapiga kelele kwamba ni mali yake.

"Uliuona uso wangu!" Kipara alipaza sauti mpaka wa mtaani wakachungulia. "Kila siku uliuona, kwenye vioo vyote hivi! Na bado unawapaka watu! Waulize hawa kama wanataka kupakwa kitu ambacho hata wewe hukijui. Waulize!"

Hakuna aliyeulizwa. Yule mteja aliyekuwa kitini alichukua taulo, akaifuta shingo yake mwenyewe, kwa nguvu, akainuka.

Mwenzake alihama mwisho wa mwezi, akafungua kiti mtaa wa pili, na baadhi ya wateja wakamfuata. Kipara alikwenda kwenye ofisi ya wakaguzi wa vipodozi kuvilalamikia vile vikopo. Wakaandika, wakasema watakuja. Hawajaja.

Uso wake siku hizi ni safi, na tyubu anayotumia ni ya nne. Hasira haijamwisha. Kila asubuhi akielekea kazini anapita kwenye duka la yule dada, na vikopo vyeupe bado vimepangwa dirishani. Husimama mlangoni, akauliza kwa sauti ya kusikika mpaka ng'ambo ya barabara, "Dada, leo vimeandikwa vilivyomo?" Yule dada humpa mgongo, akaongeza sauti ya redio.