Samaki Wafu wa Birika la Kipungani

Juzi hapa, huko Ras Kitau ninakopika kwa sasa, nilifunua tangi la jikoni nikapigwa na harufu niliyokuwa sijaisikia tangu utotoni: maji yaliyolala gizani, ukungu wa mawe, na shombo hafifu ya samaki wasiozidi kidole. Nilibaki nimeshika kifuniko mpaka mwenzangu akaniuliza kama nimeona jini. Nilikuwa nimerudi Kipungani, nina miaka kama tisa, na mtu anapigwa.

Niwaambieni kwanza habari za samaki. Kwetu birika, tangi la mawe la maji ya mvua, halikai bila samaki. Maji ya mvua yakishalala ndani ya jiwe, mbu hutaga, na haupiti muda maji yanacheza viluwiluwi. Basi hutiwa samaki wadogo wenye doa linalong'aa kichwani. Huvivizia, huvinyofoa mkia kwanza, kisha kiwiliwili. Nilikuwa nikilala kifudifudi ukingoni nikitazama mauaji hayo kama wenzangu walivyotazama video. Na kabla ya kuteka maji tulifunzwa kuwatazama wale samaki. Wakicheza, kunywa. Wakilala ubavu, weka kata chini.

Aliyewaleta alikuwa Mjomba Bakari, mdogo wake mama. Aliwatoa bara, kwenye mabwawa yanayojaa masika na kukauka kiangazi. Mjomba hakuwa malaika. Zamani alivua kwa utupa: anatwanga majani ya mti huo, anayakoroga bwawani, kisha anakaa kungoja. Aliwahi kunichukua. Kwanza maji yalitulia, halafu yakawa kama yanachemka. Kambare walijirusha matopeni, vyura wakapanda juu ya miguu yetu wakitetemeka, kaa wakapinduka, na wale samaki wadogo wakaelea wote kwa pamoja, kama mtu kamwaga mchele. Tulichukua kambare wachache, tukaviacha vilivyobaki vioze. Mwaka uliofuata bwawa lilijaa tena, lakini halikuwa na sauti. Hata chura mmoja. Mbu tu. Mjomba aliuacha utupa tangu hapo, ila kijiji hakikusahau kwamba anaujua.

Mwaka ninaousema, ukame ulikuwa mkali. Visima viligeuka chumvi, tukabaki na birika la msikiti, ambalo Bwana Shee, mtunza msikiti, aliligawa kata kwa kata. Mjomba akaja kumwombea maji punda wake, jike lenye mimba.

"Mai haya ni ya watu, Bakari," Bwana Shee akasema.

"Na punda wangu anywe nini, mate yako?"

"Anywe bahari. Si iko pale?"

Watu wakacheka. Punda alikufa wiki ile ile, ulimi nje. Ijumaa watu wakitoka kuswali, Mjomba akasimama mlangoni mwa msikiti akawaambia wote, "Nanyi hamtayanywa. Wallahi, mai haya hamtayanywa."

Mvua ilikuja Ramadhani ikikaribia, ikaukuta msikiti mweupe kama yai, umeshapambwa kuupokea mwezi. Desturi ni kuiacha mvua ya kwanza iende zake. Mfereji wa paani huzibwa kwa makumbi ya nazi mpaka paa lioshwe. Lakini nani angevumilia kuona maji matamu yakimezwa na mchanga? Wanaume walipiga kelele, "Zibua, Bwana Shee, zibua!" Naye akazibua. Sisi watoto tulikimbia uchi vichochoroni, midomo wazi.

Asubuhi samaki wote wa birika walikuwa wanaelea, matumbo juu.

Hakuna aliyeuliza swali. Walimkuta Mjomba kwenye kizingiti chetu akisokota kamba, wakamburura kwa miguu hadi msikitini, kichwa kikigonga mawe. Wa kwanza alimpiga kwa kafi, likavunjika, akaendelea na kipande kilichobaki. Mwingine alishika mchi wa mkewe. Nilisikia mkono wa Mjomba ukikatika, mlio mkavu kama wa ukuti. "Umetia utupa! Sema!" Alisema si yeye, akarudia, mpaka meno yakamtoka na maneno yakawa povu jekundu. Kijana mmoja akamkanyaga jicho kwa kisigino. Hapo Mjomba akapiga ukelele: "Ni mimi! Basi, ni mimi!" Alidhani wataacha. Ndiyo kwanza walizidi.

Mama alifika wakati huo huo, akamsikia akisema hivyo. Mwanamke haingii kwenye birika la wanaume, lakini mama aliingia, miguu ina mchanga. Akasukuma samaki wafu kwa kidole, akateka kata, akatoka nayo mbele yao, akainywa yote. Akarudi, akateka tena, akanywa.

"Bi Mwanaesha, una wazimu?" Bwana Shee akamaka.

"Pigani. Mkimaliza na huyo, mutuzike pamoja."

Mwenye kipande cha kafi akakishusha chini. Wote walisimama wakimngoja afe. Mama akakunja uso, akatema, akajifuta ulimi kwa ncha ya leso.

"Yawasha," akasema. "Hii ni chokaa."

Mtu mmoja akachovya kidole birikani, akaramba, kisha akainua uso. Sote tukatazama juu. Michirizi myeupe ilikuwa imeshuka kutoka paani hadi kwenye tundu la mfereji. Baadhi ya wale wanaume walikuwa bado na chokaa kwenye kucha.

Hakuna aliyeomba radhi. Walimlaza juu ya mkeka wakampeleka hospitali Amu, Bwana Shee ameshika upande wa kichwa. Jicho halikupona na mkono uliunga kombo. Birika liliposuguliwa na kujaa upya, Bwana Shee alikuja mwenyewe kuomba samaki. Mjomba alimtazama kwa jicho moja mpaka yule bwana akaanza kutokwa jasho, kisha akamuuliza, "Wataka wenye meno, au wasio na meno kama mimi?"

Shule niliiacha mapema, na sikai mahali, ila kila nifikapo huchungulia maji kwanza. Kisa hiki nimekisimulia Siyu, nimekisimulia bara, siku zote kama kisa cha mwanamke aliyejua kuwa ndugu yake hana hatia. Mwaka jana mama alipougua nilimuuliza alijuaje kwamba ni chokaa.

"Sikujua."

"Ulidhani ni nini?"

"Utupa. Si mwenyewe alisema ni yeye?"

Akaniomba nimgeuze ubavu. Nilimgeuza, na mkono wangu ukabaki mgongoni mwake. Miaka yote hiyo nilidhani nilimwona akimwamini ndugu yake. Kumbe aliamini anakunywa sumu aliyoitia ndugu yake huyo, na bado alirudi kuteka kata ya pili.