Aliyemshika Mama Mkono

Jirani yetu pale La Rochelle, mtaa wa wahamiaji huku kusini mwa Afrika, alikuwa mlinzi wa duka, mtu wa Bukavu, mlevi wa kila Jumamosi. Ukimsalimu anaguna. Kanisani kwetu, wakitaka mfano wa mtu aliyepotea, walimtaja yeye.

Mama yangu alikuja kutoka Lubumbashi akili ikiwa imeanza kumponyoka. Asubuhi moja, nikiwa naoga, alitoka na gauni la kulalia, miguu mitupu. Nilimtafuta duka kwa duka, nikamkuta barabara kubwa, kwenye roboti, taa za kuongozea magari, madereva wakimpigia honi. Mlinzi alikuwa amemvika koti lake la kazi na kumshika mkono. Mama alidhani ni marehemu baba, anamgombeza kwa kuchelewa.

"Nisamehe, mama watoto," mlinzi alimjibu taratibu. "Gari lilikawia. Twende nyumbani."

Pembeni, akina mama wawili wa kanisa letu walikuwa wameinua simu, wanarekodi.

Baadaye nilimuuliza mlinzi kwa nini alikubali kuwa mume. Akaguna. "Ningembishia, angekimbilia kwenye magari."

Video ikasambaa. Jumapili mzee wa kanisa akaniita kando.

"Dada, mlevi anamshikashika mama wa watu akiwa na nguo ya kulalia, anamwita mke wake! Kanisa linaaibika. Mkataze kuja kwako."

"Na wale waliokuwa wanarekodi, umewaita?"

"Wale ni wacha Mungu. Tunawajua."

"Hata mimi sasa nawajua, mzee. Mama yangu alikuwa katikati ya magari, wao wanatafuta picha nzuri."

"Ukiendelea hivyo, kwaya utaiacha."

"Nimeshaiacha."

Jumapili iliyofuata, watu wakipita na Biblia zao, niliandaa bukari, ugali wa kwetu, na samaki uani, nikaacha geti wazi kabisa. Mlinzi alikuja amenyoa ndevu, ingawa pombe ya jana ilikuwa bado inanukia. Simfanyi malaika. Mwiba ulipomkwama kooni alitukana mbele ya mama yangu, na mama akampigapiga mgongo huku akimwambia ale polepole.

Siku hizi, akitoka kazini, humtembeza mama hadi kona na kurudi. Watu bado wananong'ona. Wakiniuliza yule ni nani kwenu, nawajibu ni ndugu yangu, na maelezo zaidi siwapi.