Kisu Kilichogoma Kufunguka Koyama

Chekeni mkitaka, maana nyumbani kwetu hata watoto waliozaliwa huku Mombasa wanaujua mkasa huu, na mimi mpaka leo mtu akitaja kisu cha kukunja naangalia pembeni kwa haya.

Ni wakati ule wa vita vya Somalia, Kismayo imeshaharibika, wenye bunduki wanazunguka visiwani kwa boti za mashine na kuchukua kila wanachokiona, nasi wa kisiwa cha Koyama tumeamua kukimbilia Kenya kwa mashua ya marehemu baba. Mashua nimeishika mimi, basi nikawa namshuku kila mtu, na zaidi ya wote Omari, mume wa dada yangu, kwa sababu alikuwa na jamaa Kismayo na hakuwa msemaji (mtu asiyesema wakati wa vita mimi simwamini, na anayesema sana pia simwamini). Nikaona watu wakisafiri na visu, siku moja watageukiana, au watanigeukia mimi. Nikapekua mizigo yao, nikakusanya visu vyote, nikaviacha ndani ya nyumba na mlango nikafunga.

"Na tukitaka kukata kamba, shemeji?" Omari akaniuliza.

"Changu kinatosha," nikamjibu, na moyoni nikasema, ahaa, huyu anaulizia visu vya nini?

Changu kilikuwa cha kukunja, cha mpini wa pembe, nakipenda kupita kiasi. Kwa kuogopa chumvi isikile nilikuwa nimekisugua vizuri, nikakimiminia mafuta ya papa, yale tunayopaka mbao za mashua, mpaka ndani kwenye bawaba (kama yanazuia maji kwenye ubao, chuma kitayashinda nini?), kisha nikakikunja, nikakianika juani siku kadhaa na kukifunga kiunoni. Sikukifungua tena, nisije nikamwonyesha Omari kinakaa wapi.

Siku ya safari watu wamepanda, tanga liko tayari, na nanga imekwama kwenye mwamba. Nyuma ya kisiwa tunasikia mashine ya boti. Fundo la kamba limejikaza, vidole haviliwezi.

"Kata!" watu wakapiga kelele.

Nikachomoa kisu kwa madaha, nikaingiza ukucha, nikavuta. Wapi! Mafuta yameganda yamekuwa ulimbo, ukucha ukakatika, nikavuta kwa meno, dada analia amemkumbatia mwanawe, mashine inazidi kusogea, nami hofu imenijaa, na badala ya kunyamaza nikamgeukia Omari mbele ya watu wote: "Umekifanya nini kisu changu?"

Shangazi yangu Mwanaesha akaninyang'anya kisu, akakinusa, kisha akaninusa mikono.

"Hichi kichu chanuka mafuta ya papa," akasema kwa lahaja ya kwetu, ambako kitu ni "kichu". "Na mikono yako yanuka hivyo hivyo. Omari kaingiaje hapa?"

Akatia mkono kwenye kapu lake la mchele, kapu ambalo sikuthubutu kulipekua, akatoa kisu cha kupasulia samaki.

"Nilikificha. Mchu ashukuye kila mchu, mimi namshuku yeye."

Akampa Omari, mimi akanipita. Kamba ikakatika, na boti ilipozunguka kisiwa tulikuwa tumeshaingia kwenye maji machache ya miamba, wasikoweza kutufuata. Watu waliokuwa wakipiga kelele wakaanza kucheka, wakacheka mpaka Kiunga, upande wa Kenya, na mimi nimeinamia usukani natamani bahari inimeze.

Nimeapa: mafuta ya papa na kisu cha kukunja, basi, havitakutana tena mkononi mwangu. Siku hizi nakiosha kwa maji matamu, nakikausha, natia tone la mafuta ya cherehani, nakifungua na kukifunga mpaka niridhike. Na visu vya watu sivigusi. Kushuku ndiko kulikonishinda kuacha, kwani hata sikukuu, Omari akiniomba kisu amenye chungwa, namtazama kwanza mikono. Naye akikipokea hakikunjui. Anakipeleka puani.