Siku Nyani Alipokula Firigisi ya Baba Mkwe

Hii nawaambia mwenyewe kwa sababu mtaisikia tu kwa watu wengine, tena wakiwa na video, na heri nijiaibishe kwa mdomo wangu kabla hamjaanza kunicheka pembeni.

Mnajua nilizaliwa kwenye landhi, zile nyumba za wafanyakazi wa reli, hapa Nakuru, na baba mkwe wangu, mzee wa Kakamega mwenye kofia na msimamo, hajawahi kuficha wasiwasi wake kwamba binti yake aliolewa na mtoto wa mjini asiyejua mila. Basi walipokuja kututembelea hapa kwetu mtaani Bahati kwa mara ya kwanza, yeye na mama mkwe, nikasema safari hii lazima waondoke wakijua mimi ni mkwe kamili, nikaazima gari la jirani nikawapeleka wote mbugani kuona vifaru na flamingo. Mila nilizishika mpaka shingo ikauma. Kwetu Waluhya, mwanamume na mama mkwe wake hawashikani mkono, hawali pamoja, hata kutazamana usoni ni kazi, kwa hivyo kile kioo cha ndani cha gari nilikigeuza kikaangalia paa nisije nikakutana na macho ya mama kule nyuma (niliendesha hivyo njia nzima, malori yakinipigia honi, na mimi nadhani wananisalimia).

Langoni askari wa mbuga alitueleza vizuri kabisa. "Boss, chakula mkule ndani ya gari, dirisha zifungwe. Hawa nyani hawana adabu." Nikaitikia, lakini jamani, nitatafunaje kuku ndani ya gari moja na mama mkwe? Afadhali nyani. Tulipofika mahali pa kupumzikia nikamtandikia mama shuka chini ya mgunga, akakaa huko na mke wangu, mimi nikakaa mbali kidogo na hotpoti ya kuku, nikimsubiri mzee aliyekuwa ameenda na binti yetu Neema kuangalia ndege ufuoni mwa ziwa.

Ndipo nyani dume akaja akaketi kando ya gurudumu, akaanza kunikagua.

"Baba Neema, rudisha chakula kwa gari!" mke wangu akaita.

Nikarudisha. Yote, isipokuwa firigisi. Firigisi ni ya mgeni wa heshima, na ukimwandalia mzee wa kwetu kuku asiye na firigisi umemtukana bila kufungua mdomo, sasa nikajiuliza, je, huyu nyani akivunja dirisha? (Mtu mzima, ana kitambulisho, anawaza nyani atavunja dirisha.) Nikaizungushia foili, nikaitia kwenye mfuko wa shati, hapa kifuani, nikafunga kifungo, nikajipongeza kwa akili nyingi.

Nyani hakuangalia gari hata kidogo. Alikuja polepole, akasimama mbele yangu, akaniwekea mkono mmoja begani na mwingine mfukoni. Niliruka. Akaruka na mimi. Nikatoka mbio naye akiwa mgongoni, nikipiga mayowe ya sauti nisiyoijua, na basi la kwaya fulani lililokuwa limeegeshwa hapo likamwaga waimbaji wote nje, simu juu, wengine wakiniombea na wengine, nasema ukweli, wakishangilia nyani. Mimi nilikuwa nakimbilia gari, haki ya Mungu, lakini mkono wa nyani ukiwa umekuziba macho huoni unakoenda, nikajikwaa kwenye mzizi, nikapaa, nikaangukia mahali laini.

Kufungua macho, kichwa changu kiko kwenye mapaja ya mama mkwe, mikono yangu imemkumbatia kiuno, na shati halina mfuko tena. Mama amekauka kama picha. Aibu niliyosikia siwezi kuipima, nilitamani yule nyani arudi anibebe. Na mzee ndiye huyo amefika, Neema mkononi, anatazama mimi, anatazama mke wake, halafu anatazama juu ya gari, ambako nyani alikuwa ametulia akifungua foili.

"Hiyo anakula ni nini?" mzee akauliza.

"Ni firigisi, baba," nikajibu kutoka pale pale mapajani. "Ni yako. Nilikuwa nakuwekea."

Mzee akamtazama tena yule nyani. Nikajua basi, nimekwisha, binti anarudishwa Kakamega leo leo. Halafu nikasikia tumbo chini ya sikio langu linatetemeka, kumbe mama mkwe anacheka, anacheka hadi machozi, na mzee naye akavua kofia akajifunika uso, mabega yakimpanda na kushuka.

"Mama Neema," akamwambia binti yake alipopata pumzi, "huyu bwana yako amepigana na nyani juu ya firigisi yangu. Ndugu zako wote, hakuna hata mmoja angefanya hivyo." Kisha akanigeukia. "Lakini mke wangu utamwachilia saa ngapi?"

Mbuzi wa kusafisha hayo makosa nilipeleka, na nimeapa kwamba wakwe wakija tena kuku ataliwa nyumbani, mama sebuleni na mimi jikoni, mlango umefungwa kwa komeo. Juzi mzee alipiga simu ya mke wangu, na kabla hata hajamjulia hali binti yake, akasema, "Nipe kwanza huyo kijana wangu."